Kudai marejesho ya kodi ya manunuzi ukiwa safarini ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaofunga mizigo, na mengine huulizwa na waliokwisha kurudi bila pesa yao. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Kama uko njiani kuelekea uwanja wa ndege sasa hivi, ruka yote usome swali la 9.

## Mambo ya msingi

1. Ni kodi gani hasa inayorudishwa?

Ni kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo wengi tunaiita VAT. Australia na Singapore wanaiita GST, Japani ni kodi ya matumizi. Jina lolote liwalo, ni kodi ya mlaji: anayeilipa ni yule anayeitumia bidhaa, na inalipwa katika nchi inakotumika. Ukinunua koti Paris ukaondoka nalo, kwa hesabu za kodi koti hilo limeuzwa nje ya nchi, na bidhaa inayouzwa nje haitozwi VAT. Kwa hiyo ukidai, hupewi zawadi. Unarudishiwa pesa ambayo hukupaswa kubaki umeilipa.

Kodi yenyewe ilianza Ufaransa mwaka 1954, mbunifu wake akiwa Maurice Lauré, na leo inatozwa katika nchi zaidi ya 170. Utaratibu wa kumrudishia msafiri, hata hivyo, hauko katika nchi zote hizo (tazama swali la 5).

2. Je, ni sawa na diuti frii?

Hapana. Duka la diuti frii uwanjani huuza bidhaa ambayo tayari imeondolewa kodi na ushuru, kwa hiyo hakuna cha kudai tena. Marejesho tunayoyazungumzia hapa ni ya vitu ulivyonunua kwenye duka la kawaida mjini kwa bei yenye kodi ndani yake.

3. Nani anaruhusiwa kudai?

Mgeni asiyeishi katika nchi au eneo husika. Kinachoangaliwa ni makazi, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Mfaransa aliyehamia nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kudai akirudi Paris kutembea, mradi athibitishe anakoishi. Mgeni wa pasipoti ya mbali kabisa, lakini mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, hawezi.

Umri nao una nafasi yake: Falme za Kiarabu wanataka uwe na miaka 18 au zaidi, na wafanyakazi wa ndege inayoondoka hawahesabiwi. Australia wako peke yao kwa namna fulani, kwa sababu hata mkazi wao anayesafiri nje anaweza kudai.

4. Vitu gani vinarudishiwa?

Bidhaa unazoweza kubeba ukaondoka nazo: nguo, viatu, simu, kamera, saa, vito. Huduma hazimo. Chumba cha hoteli, chakula cha mgahawani, kukodi gari, tiketi ya makumbusho, vyote hivyo umevitumia hapo hapo, na kodi yake inabaki hapo hapo. Vitu vya kuliwa na kunywewa vina masharti yanayotofautiana. Ukishavifungua au kuvitumia, usitarajie kitu.

5. Je, kila nchi inarudisha?

La, na hili liangalie kabla ya kupanga safari ya manunuzi.

Uingereza ndiyo inayowashtua wengi. England, Scotland na Wales zilifuta utaratibu huu tarehe 1 Januari 2021, na VAT yao ni asilimia 20. Bado unaweza kununua bila kodi ikiwa duka lenyewe litasafirisha bidhaa moja kwa moja hadi anwani yako ya nje, lakini ukiibeba mwenyewe hakuna marejesho. Ireland ya Kaskazini bado inao utaratibu.

Kanada walifuta wa kwao mwaka 2007. New Zealand hawana. Hong Kong hakuna VAT kabisa, basi hakuna cha kurudisha.

Marekani pia hakuna VAT ya taifa. Majimbo mengi yana kodi yao ya mauzo, nayo huongezwa ukifika kwa mhudumu wa malipo, ndiyo maana unalipa zaidi ya ulichosoma kwenye lebo. Forodha ya Marekani haina dirisha la kurudisha kodi hiyo. Kinachowezekana ni kununulia kwenye jimbo lisilo na kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire au Oregon. Hata huko Alaska, baadhi ya miji ina kodi yake yenyewe.

## Ukiwa dukani

6. Ni lazima ninunue kwa kiasi gani?

Inategemea nchi. Ndani ya Umoja wa Ulaya sheria inasema kiwango cha chini kisizidi euro 175, kisha kila nchi inajipangia. Ufaransa ni zaidi ya euro 100. Italia walikishusha mwezi Februari 2024, sasa ni zaidi ya euro 70. Ujerumani ni zaidi ya euro 50. Hispania hawana kiwango cha chini tangu 2018.

Kwingineko: Falme za Kiarabu dirhamu 250, Afrika Kusini randi 250, Singapore dola 100 za huko, Australia dola 300 za huko, Thailand baht 2,000 kwa duka moja kwa siku moja, Japani yeni 5,000, Korea Kusini woni 15,000. China walishusha kutoka yuan 500 hadi 200 mwezi Aprili 2025. Uswisi, ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya, ni faranga 300.

Usinunue usichokihitaji ili kufikia kiwango. Marejesho ni sehemu ndogo ya bei, na sehemu kubwa iliyobaki imetoka mfukoni mwako.

7. Dukani niseme nini, na nibebe nini?

Beba pasipoti yenyewe. Baadhi ya maduka hukubali picha yake kwenye simu, mengine hukataa katakata. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: je, duka hili limo kwenye utaratibu wa kurudisha kodi, na je, mtanipa fomu? Duka halilazimiki kushiriki, na fomu haiwezi kutengenezwa na mtu mwingine baadaye. Risiti ya kawaida peke yake haitoshi karibu kote. Australia na Afrika Kusini ndiko ankara ya kodi inakotumika badala ya fomu.

Ukipewa fomu, usiondoke kwenye kaunta kabla hujaisoma. Soma jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu, kisha nchi unakoishi. Niliwahi kupewa fomu ambayo tarakimu mbili za pasipoti zilibadilishana nafasi, 58 imeandikwa 85. Niliiona nikiwa bado nimesimama pale, na dada wa kaunta akaichapa upya kwa dakika moja. Ningeiona uwanjani, ingekuwa ni karatasi tu.

8. Naweza kuunganisha risiti ndogo ndogo zifike kiwango?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa ni za duka moja na siku moja. Singapore wanaruhusu hadi risiti tatu za siku moja kutoka maduka yenye jina moja na namba moja ya usajili wa GST. Australia wamelegeza zaidi: risiti za siku tofauti zinakubalika mradi mfanyabiashara ni yule yule na zote ziko ndani ya siku 60. Kuunganisha risiti za maduka mawili yasiyohusiana hakukubaliki kwa kawaida.

## Uwanjani na mpakani

9. Nikifika uwanja wa ndege nianzie wapi?

Anzia forodha, sanduku likiwa bado mkononi mwako.

Ningependa sentensi hiyo ikae kichwani kwa kila anayesafiri, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi inapopotelea. Forodha wana haki ya kuona bidhaa kabla ya kugonga mhuri kwenye fomu uliyopewa dukani. Mara ya kwanza kudai, mimi nilifanya kama nilivyozoea: nikafika mapema, nikaenda kwenye kaunta ya shirika la ndege, nikakabidhi sanduku, kisha nikatembea bila haraka hadi dirisha la forodha. Ofisa akaisoma fomu, jaketi moja, jozi moja ya viatu, akanyanyua macho akaniuliza, "Viko wapi?" Sanduku lilikuwa limeshaingia kwenye mkanda. Mhuri ulikuwa mezani, shubiri moja kutoka kwenye karatasi yangu, na haukugongwa.

Kama vitu vyako viko kwenye mzigo wa kukabidhi, mwambie mhudumu wa shirika la ndege mapema kwamba una vitu vya kuonyesha forodha. Kwenye viwanja kadhaa vikubwa atalifunga sanduku lebo akurudishie, ulipeleke forodha mwenyewe, kisha likabidhiwe huko. Thailand na Afrika Kusini nako ukaguzi huja kabla ya kukabidhi mizigo, na malipo hufuata ukishavuka uhamiaji.

Australia ni kinyume. Dirisha lao liko baada ya uhamiaji, kwa hiyo vitu viwe kwenye begi la mkononi. Vimiminika na vitu vikubwa visivyoruhusiwa kuingia ndegeni vionyeshe forodha kabla ya kukabidhi mzigo. Hakikisha umedai angalau dakika 30 kabla ya muda wa ndege kuondoka, maana baada ya hapo hawapokei.

10. Kila mahali bado wanagonga mhuri wa wino?

Hapana. Ufaransa wana mashine ziitwazo PABLO, Hispania mfumo wao ni DIVA, Italia OTELLO. Unaskani msimbo ulio kwenye fomu, na ukikubaliwa umemaliza. Ukikataliwa, au ukiambiwa uende kwa ofisa, nenda na vitu vyako. Usidhani mashine imeharibika ukaondoka. Pia fahamu kwamba mashine ya Ufaransa ni ya fomu za Ufaransa. Fomu ya nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya itahitaji ofisa.

Ujerumani bado utaona karatasi na mhuri kwa sehemu kubwa, pamoja na foleni yake. Jiongezee saa moja.

11. Nimenunua Italia, nabadilisha ndege Frankfurt, kisha natoka Ulaya. Nionyeshe wapi?

Kanuni ya jumla: unaonyesha kituo cha mwisho unapotoka Umoja wa Ulaya, hata kama umenunua katika nchi tatu tofauti. Lakini mzigo ndio unaoamua. Kama sanduku limekabidhiwa Roma na litaenda moja kwa moja hadi mwisho wa safari, vitu vilivyomo ndani yake vionyeshe Roma, kwa sababu Frankfurt hutaliona tena. Vilivyo kwenye begi la mkononi vionyeshe Frankfurt. Mtu mmoja anaweza kabisa kuwa na fomu mbili zilizothibitishwa kwenye viwanja viwili.

Uswisi na Norway hazimo kwenye hesabu hiyo. Ukinunua Zurich, thibitisha unapotoka Uswisi. Ukinunua Milan na kuondokea Zurich kwa treni, Umoja wa Ulaya unauacha kwenye mpaka wa Uswisi, na mhuri wa bidhaa za Milan unahitajika hapo.

12. Naweza kuondoka kwa treni, gari au meli?

Ulaya ndiyo. Anayetoka Paris kwenda London kwa treni, kwa mfano, anathibitisha kituoni Gare du Nord kabla ya kupanda, na tangu Uingereza ijitoe, mkazi wa London naye ni mgeni anayestahili. Kwa barabara, wewe ndiye wa kusimama kwenye ofisi ya forodha mpakani. Hakuna atakayekusimamisha, na vituo vingine vidogo havifunguliwi usiku. Thailand, kwa upande mwingine, hurudisha kwa wanaoondoka kwa ndege tu.

13. Nina muda gani tangu kununua hadi kuondoka?

Umoja wa Ulaya: hadi mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa kununua. Ulichonunua tarehe 2 Aprili kitoke kabla ya Julai 31 kuisha. Afrika Kusini, Falme za Kiarabu na China ni siku 90. Thailand na Australia siku 60. Singapore miezi miwili, Korea Kusini mitatu.

## Pesa yenyewe

14. Kwa nini nimerudishiwa kidogo kuliko asilimia ya kodi?

Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hesabu. Kodi ya asilimia 20 inaongezwa juu ya bei ya msingi. Ukilipa euro 1,200 Ufaransa, bei ya msingi ni 1,000 na kodi ni 200. Wengi hupiga asilimia 20 ya 1,200 wakapata 240, kisha wakajiona wamedhulumiwa 40 ambazo hazikuwepo. Australia hesabu ni nyepesi: gawanya bei kwa 11. Dola 330 ina kodi ya 30.

Ya pili ni ada ya wakala. Maduka mengi yanatumia kampuni kama Global Blue au Planet kushughulikia fomu, na kampuni hizo hukata chao. Kwa ile euro 1,200, ni kawaida kupokea takriban asilimia 12 ya bei, kama euro 144.

Falme za Kiarabu wanaiweka wazi: unarudishiwa asilimia 85 ya kodi, kisha inakatwa dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Manunuzi ya dirhamu 1,050 yana kodi ya 50, asilimia 85 yake ni 42.50, toa 4.80 unabaki na 37.70. Ndiyo maana risiti moja kubwa ina faida kuliko nyingi ndogo. China, ambako VAT ya bidhaa nyingi ni asilimia 13, marejesho yake ni asilimia 11 kabla ya ada.

15. Nichukue taslimu au kwenye kadi?

Kadi, kama huna haraka. Taslimu huwa na ada yake, na ukiitaka kwa sarafu tofauti na ya nchi uliyonunulia, kiwango cha kubadilishia mara nyingi kinakuumiza. Australia hawatoi taslimu kabisa. Kama unaitumia kadi, andika namba ya kadi ambayo haitaisha muda wala kufungwa kabla pesa haijafika.

16. Mjini waliniahidi kunilipa hapo hapo. Ni salama?

Ni halali, lakini hiyo ni pesa ya kutangulizwa. Wanachukua namba ya kadi yako kama dhamana. Ukishindwa kuthibitisha fomu forodha na kuirudisha ndani ya siku zilizoandikwa, wanaikata pesa yote kutoka kwenye kadi, wakati mwingine na faini juu yake. Kwa hiyo hata kama umeshalipwa, swali la 9 bado linakuhusu.

17. Nimesubiri wiki kadhaa na pesa haijaingia. Nifanyeje?

Kila fomu ina namba yake, na wakala wakubwa wana ukurasa wa kufuatilia kwa namba hiyo. Ndiyo maana nasisitiza: piga picha fomu iliyogongwa mhuri, pande zote mbili, kabla ya kuitumbukiza kwenye sanduku la barua ili irudi kwa wakala. Barua hupotea. Mwenye picha yenye mhuri unaosomeka ana pa kuanzia. Asiye nayo anabaki kuomba.

## Yenye utata

18. Nimesahau mhuri na nimeshafika nyumbani. Yameisha?

Mara nyingi ndiyo, ila kuna milango miwili ya kujaribu. Balozi za Ujerumani zinaweza kuthibitisha, kwa ada, kwamba bidhaa iko nje ya Umoja wa Ulaya, ukiipeleka pamoja na fomu na pasipoti. Ufaransa unaweza kuwaandikia forodha ndani ya miezi sita tangu ununue, ukiambatanisha uthibitisho kwamba bidhaa imetoka na ushuru wake umeshughulikiwa huko ulikofikia. Kwa kiasi kidogo, ada na usumbufu vinaweza kumeza chote.

19. Mimi ni mwanafunzi Ulaya. Siwezi kudai hata nikija likizo?

Ukiwa na kibali cha kuishi katika nchi ya Umoja wa Ulaya, unahesabiwa mkazi, na likizo haibadilishi hilo. Najua inauma, hasa kwa anayerudi na zawadi za familia nzima, lakini ofisa akiona kibali ndani ya pasipoti atakataa, na kukificha ni kudanganya forodha.

20. Nimenunua mzigo wa kwenda kuuza. Nao unarudishiwa?

Utaratibu huu ni wa vitu binafsi. Simu mbili hazishangazi mtu, simu arobaini ni biashara. Mfanyabiashara ana njia yake, tena bora: mwombe muuzaji akuuzie kama mauzo ya nje, kwa ankara isiyo na VAT na tamko la forodha la usafirishaji. Hapo hakuna ada ya wakala. Lipangeni kabla ya kulipa.

21. Naweza kumpa rafiki avibebe na anidaie?

Hapana. Aliyeandikwa kwenye fomu ndiye anayesimama mbele ya forodha na pasipoti yake na bidhaa. Australia, ankara inayofikia dola 1,000 lazima iwe na jina la msafiri mwenyewe.

22. Nimeshavaa viatu nilivyonunua. Ni kosa?

Australia ruksa kuvitumia kabla ya kuondoka, isipokuwa vitu vya kuliwa au kutumika vikaisha. Ulaya na kwingineko usijaribu: ofisa anaweza kusema vimetumika ndani ya nchi. Acha lebo mahali pake hadi uvuke.

23. Nasikia Japani wanabadilisha. Ni kweli?

Kweli. Hadi tarehe 31 Oktoba 2026 mgeni anaondolewa kodi hapo hapo dukani akionyesha pasipoti. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 unalipa bei kamili yenye kodi, forodha wanathibitisha ukiondoka, ndipo unarudishiwa. Bajeti ya safari iandae ukijua kwamba pesa hiyo itakuwa nje ya mfuko wako kwa muda.

24. Nikifika nyumbani nitatozwa tena?

Inawezekana. Kurudishiwa kodi kule hakukuondolei ushuru wa kuingiza bidhaa huku. Kila nchi ina kiwango cha thamani ambacho msafiri anaingia nacho bila kulipa, na kinachozidi hapo unakitamka na kukilipia. Fomu uliyogongewa mhuri inaonyesha bei halisi uliyolipa, hivyo itunze. Ukiulizwa bei, ndiyo karatasi ya kuonyesha.